Mfarishi wa Wafiwa

Aghalabu mtu anapofariki dunia Maposeni, mkoani Ruvuma, au katika kijiji chochote cha jirani upande wa Peramiho, habari huenea kabla jua halijapanda, na kabla ya adhuhuri ua wa wafiwa huwa umejaa watu ambao hakuna aliyewaalika wala atakayewalipa: vijana wamekwisha kwenda makaburini na majembe na sururu, wanaume wa makamo wanapasua kuni, akina mama wamefika na ndoo za maji vichwani na unga katika mabeseni, na mzee mmoja mwenye hati nzuri ameketi mezani na daftari la rambirambi, akiandika jina la kila mtu na kiasi alichotoa, hata kiwe kidogo namna gani. Desturi hiyo ni fahari ya nchi yetu, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba watu wanaozikana hivi hawajapungukiwa utu. Ninayotaka kuyasema leo yanahusu siku zinazofuata, ambazo hazina desturi ya kuzilinda.

Siku ya tatu au ya nne tanga huanuliwa. Turubai hushushwa, viti vya plastiki huhesabiwa na kurudishwa kwa mwenyewe, sufuria kubwa husuguliwa kwa majivu, na wageni waliotoka Mbinga, Namtumbo au Dar es Salaam hupanda mabasi yao. Jioni ile mjane huingia katika chumba ambamo kwa siku zote hizo alikuwa akilala na wanawake wenzake, bega kwa bega, juu ya mikeka, akakuta mikeka imekunjwa na kuegemezwa pembeni, na ukutani bado limetundikwa koti la mumewe. Fedha za rambirambi, zilizosomwa hadharani na kupigiwa makofi ya shukrani, zimekwisha kulipa jeneza, mchele na gari. Jirani bado wanampenda, na akiwaita watakuja. Lakini ni nani katika hali ile mwenye nguvu ya kuita? Hisani yetu ni kubwa kama mto wa masika, nayo yote hupita katika siku tatu.

Kwa hiyo naleta shauri moja mbele ya wasomaji, na hasa mbele ya watu wa Maposeni na vijiji vya jirani, ambao wana mikono ya kulitimiza. Kila kitongoji kiwe na watu wachache wa kujitolea, wake kwa waume, wenye kujua sindano au wenye nia ya kujifunza, ambao baada ya tanga kuanuliwa watazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya vipande vya nguo, wavishone viwe mfarishi mmoja wa viraka, na siku ya arobaini wauchukue kwa wafiwa na kuwakabidhi uwe mali yao. Sisemi kwamba uwe badala ya rambirambi, kwa maana jeneza halinunuliwi kwa viraka. Nasema uwe ndio taazia ya siku zile ambazo rambirambi imekwisha kuliwa.

Mwenye kuijua kazi hii anafahamu kwamba haifanywi kwa haraka. Vipande hufuliwa kwanza, vikaanikwa, vikapigwa pasi ya mkaa, kisha hukatwa vyote kwa kipimo kimoja cha karatasi ngumu, kwa sababu kimoja kikizidi kwa upana wa kidole safu nzima hupinda. Kitenge kipya ni kigumu, na kanga iliyofuliwa kwa miaka ni laini, na mshonaji asiye na subira akiviunga pamoja bila kuvipiga bandi kwanza, kile laini huvutwa na kigumu mpaka mshono ukafanya mikunjo ambayo hakuna pasi itakayoiondoa. Safu zikikamilika huungwa kwa cherehani ya kukanyaga. Chini huwekwa bitana ya shuka, katikati blanketi kuukuu, na hapo ndipo watu wanne au watano huketi kuuzunguka mfarishi, kila mmoja kwa upande wake, wakiudarizi kwa sindano ya mkono ili tabaka zote tatu zishikane. Mwisho hupigwa taraza kandokando, na mwenye mkono mzuri kuliko wote ndiye hupewa pembe.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa katika urefu huo ndimo ilimo faida ninayoitafuta. Kazi ya wiki tano haiwezi kufanywa na watu wasiosemezana, wala haiwezi kufanywa mbali na wafiwa. Yuko atakayepita kwa mjane kuuliza ni rangi gani aipendayo, na yuko atakayerudi kesho kuchukua kipande kilichosahauliwa, na ikifika zamu ya kudarizi mjane mwenyewe ataitwa aketi nao, apewe uzi na sindano kama wenzake, asiombwe kusema neno. Wengi wetu tumeona jinsi mfiwa anavyofunga kinywa akiulizwa habari za marehemu uso kwa uso, na jinsi mtu huyo huyo, mikono yake ikishughulika na macho yake yakiwa chini, anavyoanza mwenyewe kusimulia: kwamba kitenge hiki ni cha mama fulani aliyemkopesha mbegu, kwamba mume wake hakuipenda kabisa rangi ya samawati, kwamba alikuwa akikoroma. Akicheka pale, hakuna atakayemlaumu. Kwa maoni yangu faraja ya namna hiyo haipatikani katika hotuba yoyote ya mazishi, hata iwe na fasaha ya namna gani.

Yuko atakayesema kwamba jambo hili ni la kizungu na kwamba sisi hatuna asili nalo. Hoja hiyo haina nguvu. Kanga yenyewe, ambayo hakuna msiba wala harusi ya Kiswahili isiyokuwa nayo, ilianza, kwa mujibu wa mapokeo yanayosimuliwa pwani, kwa wanawake wa karne ya 19 waliokuwa wakinunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa, sita kwa mara moja, wakazikata tatu tatu na kuviunga vipande hivyo viwili ubavu kwa ubavu viwe vazi moja pana. Viwanda vilifuata baadaye, vikaiga kwa mashine walichokwisha kubuni wanawake kwa sindano. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika jimbo la Karnataka nchini India, wako Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari zamani, wengi wao katika utumwa, na wanawake wao hata leo hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu za ahali zao, wakianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, wala hawauhesabu mfarishi kuwa umekamilika mpaka pembe zake zimetiwa vijiraka vya mapambo vinavyoitwa phula. Walipoteza mengi safarini, pamoja na lugha za nchi walizotoka. Lakini watoto wao bado hufunikwa kwa kazi ya mikono ya nyanya zao.

Tena Wakristo wa Maposeni wanaisikia kila mara habari ya Tabitha wa Yafa, iliyo katika sura ya 9 ya Matendo ya Mitume. Alipokufa, na Petro alipopandishwa ghorofani alikolazwa, wajane walisimama kando yake wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo ambazo marehemu alikuwa akiwashonea. Hawakuonyesha fedha aliyowapa, ingawa kitabu kinamtaja kuwa mwingi wa sadaka. Walionyesha nguo.

Katika dunia ya leo mfano mashuhuri kuliko yote ni ule wa Marekani. Mwaka 1987, mjini San Francisco, Cleve Jones na wenzake walianza kushona mfarishi wa kuwakumbuka waliokufa kwa ukimwi, kila marehemu akishonewa kipande cha futi 3 kwa futi 6, ambacho ni kadiri ya kaburi la mtu. Washonaji walikuwa ni mama wa marehemu, rafiki, jirani na wauguzi, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kushika sindano, na ulipotandazwa Washington mara ya kwanza, tarehe 11 Oktoba mwaka ule, ulikuwa na vipande 1,920. Leo vimekaribia 50,000. Hapa kwetu wagonjwa wa kwanza watatu wa ukimwi walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata hapakuwa na mkoa uliosalimika, hata Ruvuma; lakini tuliwazika watu wetu kwa kunong'ona, tukitaja homa na kifua, na wajane wao tukawapa pole huku tukiwaogopa. Laiti siku zile pangekuwako kazi ya kuwaketisha jirani pamoja na mjane yule, jina la marehemu likishonwa kwa uzi mwekundu katikati ya viraka bila ya haya wala hofu, pengine tungaliwahi kuujua ukweli mapema zaidi. Hata hivyo siutamani ukubwa wa mfarishi ule wa Washington. Ule ni wa kutazamwa, na huu wetu uwe wa kulaliwa.

Dini zetu nazo zina la kusema, na ni vema lisikizwe. Ja'far bin Abi Talib alipouawa Mu'ta, Mtume Muhammad aliwaamuru watu waipikie chakula jamaa ya Ja'far, kwa kuwa walikuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Sisi tumeigeuza amri hiyo kichwa chini, na katika misiba mingi ni mfiwa anayewalisha wageni, hata akauza mbuzi na kukopa mchele. Masheikh na mapadri wamelikemea sana jambo hili wala hatujasikia. Kadhia ya nguo za marehemu pia inataka hadhari. Kwa sheria ya Kiislamu kila alichoacha mtu, hata shati lake, ni mali ya warithi baada ya kulipwa madeni na kutimizwa wasia, na sehemu ya mtoto mdogo haitolewi na mtu mwingine kwa jina la wema. Tena ziko nyumba ambazo kwa mila huzigawa nguo za marehemu kwa jamaa, na ziko nyumba zinazoogopa kuzilalia. Basi msingi wa mfarishi na uwe nguo za jirani, kila nyumba ikitoa yake kwa ridhaa. Na kama warithi waliofikia utu uzima wameridhia mkono wa shati au pindo la koti la marehemu liingie katikati, itakuwa ni hiari yao, wala mshonaji asiliombe.

Vipande havitakuwa haba. Siku hizi hata vijijini imeingia desturi ya sare za msiba, ndugu wote wakinunua kitenge cha aina moja na kumpelekea fundi cherehani ashone usiku kucha, na asubuhi mabaki ya kitenge hicho hufagiliwa barazani kwake na kutiwa katika kiroba cha takataka. Sipendi sare hizo, kwa sababu zimewatia katika deni watu ambao wangeweza kulia vizuri wakiwa na nguo zao za kawaida. Lakini madhali zipo, mabaki yake na yahifadhiwe, na mafundi, ambao sokoni wengi wao ni wanaume, wasione kwamba hii ni kazi ya akina mama peke yao.

Nisemapo kwamba faraja inahitaji muda mrefu, watu wa Songea hawana haja ya kuletewa ushahidi kutoka mbali. Maposeni imo katika nchi ya Wangoni iliyoitwa Njelu, nchi ya Nkosi, yaani mfalme, Mputa Gama, ambaye Wajerumani walimnyonga huko Songea wakati wa Vita vya Majimaji, tarehe 27 Februari 1906, pamoja na wenzake zaidi ya 60, na Nduna, yaani jemadari, Songea Mbano akanyongwa siku chache baadaye. Wajane wa mwaka ule hawakupata hata wasaa wa kukaa tanga, kwa maana majeshi ya serikali yalikuwa yakichoma maghala na kuharibu mashamba kwa makusudi, na njaa ikaua wengi kuliko walivyouawa kwa risasi. Tarehe 1 Novemba 2023, miaka 117 baadaye, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaonana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale waliyotendewa babu zao. Na wazao hao hata leo wanakililia kichwa cha babu yao, ambacho wanaamini kilichukuliwa na kupelekwa Ujerumani. Aliyeona wajukuu na vitukuu wakiomboleza kwa ajili ya mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemwona kwa macho, hawezi kuniambia kwamba huzuni ya mjane huisha siku turubai linaposhushwa.

Wengine watauliza kwa nini tusinunue blanketi dukani, ambalo ni rahisi na lipo tayari. Blanketi la dukani sitalidharau, hasa katika Juni na Julai ya Songea, wakati baridi inapoingia mpaka ndani ya mifupa na nyumba nyingi hazina dari. Kama wafiwa hawana cha kujifunika, wanunuliwe leo, wasingojee sindano zetu. Lakini kinunuliwacho dukani hutolewa na mtu mmoja kwa dakika moja, na baada ya mwaka aliyepewa hakumbuki ni nani aliyempa; ilhali mjane aliyelala chini ya viraka 120 anaweza kuvinyooshea kidole kimoja kimoja, akataja nyumba kwa nyumba.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mfarishi wa futi 6 kwa futi 5, ukishonwa kwa vipande vyenye nusu futi kila upande baada ya mishono, unataka vipande 120, na kitongoji chenye nyumba 60 kikitoa viwili viwili kimekwisha kazi. Kwa kuwa mauti hayangojei msimu, na kwa kuwa kuanzia mvua za kwanza mpaka mahindi yavunwe hakuna mwenye nafasi, inafaa safu za misiba ya miezi hiyo zishonwe mapema wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuwekwa, zikunjwe na kuhifadhiwa kanisani au msikitini au kwa mwenyekiti wa kitongoji, ili msiba ukitokea zibaki kuungwa na kudariziwa tu. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo hukutana kila wiki kwa sala, na akina mama wa Kiislamu hukutana kwa darasa na maulidi. Wote wana kikao tayari, kilichobaki ni kuleta kikapu cha uzi.

Kwa mayatima ningependa tufanye tofauti. Mara nyingi wazazi wote wawili wakifa watoto hugawanywa, mmoja akachukuliwa na mjomba, mwingine na shangazi, wa tatu na bibi, na hukua katika wilaya mbalimbali wakionana kwa nadra. Hao washonewe mifarishi midogo, kila mmoja wa kwake, lakini yote ikatwe katika nguo zile zile na kupangwa kwa mpango ule ule, ili popote walipo ndugu hao wajifunike vitambaa vya aina moja.

Na kwa mjane liko jambo la mali ambalo sitaki lipuuzwe. Kwa kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa mume ameacha jamaa wa ukoo wake. Hutazamiwa kutunzwa na watoto wake. Mwezi Machi 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake iliitaka Tanzania izirekebishe kanuni hizo, baada ya wajane wawili wa Kitanzania kupeleka malalamiko yao huko. Mpaka ukoo wote utakapoongoka, washonaji wa Maposeni wanaweza kufanya lililo katika uwezo wao: wautoe mfarishi kwa maneno ya hiba yasiyo na shaka, kwa jina la mjane mwenyewe, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na wazee wa upande wa mume, ili ndugu watakapokuja kugawana baiskeli, majembe na mbuzi wajue kwamba nguo hii ilikamilishwa baada ya marehemu kufa, kwa vitambaa vya watu wengine, wala haikuwa mali yake hata siku moja.